Uta wa Kilo Ishirini

Kinoo, 9 Februari 2025

Dada Ndunge,

Bwana asifiwe. Huku kwetu hatujambo, ila vumbi la Waiyaki Way linatuingia mpaka kwenye sufuria. Beryl anakusalimu sana. Tumbo lake sasa linaonekana, na mama yake, Mama Peres, amekuja kutoka Siaya kumsaidia. Tangu aje tunakula samaki kila siku, mpaka paka wa jirani wamehamia mlangoni kwetu. Nilisikia mkanda wa mashine yako ya kusaga ulikatika. Natumai umepata mwingine.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu uliifungia tangu matanga ya baba, na sikulaumu. Barua hii nitaiacha kwenye ofisi ya mizigo ya basi huku mjini, wao wanajua kukufikishia.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua nafanya kazi ya kupokea wageni kwenye kampuni ya utalii ya Bwana Kihara. Siku moja kwenye mkutano, watu walikuwa wanaongea habari za mishale, nami nikasema kwetu ni wawindaji tangu zamani. Nilisema hivyo tu. Sasa bosi ameshikilia neno hilo kama gundi. Ana kikundi chake cha marafiki wanaopiga upinde nyumbani kwake Karen, na mwezi wa saba wanakwenda Namibia, maana hapa kwetu kuwinda ni marufuku. Anataka niende nao, nivae ngozi, nimpige pofu, yule swala mkubwa, kwa uta wa mti wa Kikamba, wachukue video ya kampuni. Nikifanya vizuri nitakuwa meneja wa kitengo kipya cha utamaduni. Dada, nimekaa kwenye dawati la mlangoni miaka mingi sana nikisema karibu, karibu. Sasa kuna mtoto anakuja.

Naomba uta wa baba, pamoja na podo lake na mishale. Na uniambie, wewe uliyekuwa ukimshikia vifaa vyake: nguvu ya uta ule inatosha pofu? Pofu ni mnyama mkubwa kuliko ng'ombe.

Ndugu yako,
Mwendwa


Mutomo, 2 Machi 2025

Mwendwa,

Salamu zako nimezipokea. Mkanda nilipata, mashine inasaga. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja amekataa mtoto wake, ninamnyonyesha kwa chupa kila asubuhi. Mwambie Beryl asibebe ndoo za maji, na umwambie Mama Peres ninamshukuru kwa sababu najua wewe hubebi.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye mashine, na nikatema mate mbele ya wateja. Mke wa mchungaji, Phoebe, akaniuliza kama ni jino. Nikamwambia ndiyo, ni jino.

Wewe kuwinda? Wewe uliyetapika mama alipochinja kuku wa Krismasi? Ati kwetu ni wawindaji! Kwetu ni watoto wa mtu aliyefungwa jela Kitui kwa sababu ya paa mmoja. Paa, Mwendwa, mnyama asiyetosha kujaza sufuria. Tulimla sisi, mimi na wewe, na wewe ulilamba mfupa. Baba aliporudi alikuwa na jino moja pungufu na hakushika tena ule uta. Leo mtu mwenye jumba Karen anapanda ndege kwenda kuua mnyama ambaye hatamla, na hakuna askari wa kumshika mkono. Na anataka amuue kwa kitu kile kile kilichomfunga baba yetu. Halafu anataka wewe uvae ngozi. Ngozi gani? Baba aliwinda na suruali ya kaki aliyonunua sokoni.

Sitaki hata kufikiria. Naona kinyaa kama mtu aliyekuta nywele kwenye uji.

Uta hautoki hapa.

Ndunge


Kinoo, 23 Machi 2025

Dada yangu,

Nilistahili hayo. Nimeyasoma mara mbili, nikayaficha Beryl asiyaone. Yeye yuko salama, mguu tu ndio unavimba jioni. Mvua imeanza, na mtaro wa mbele ya nyumba umefurika takataka za soko zima.

Usidhani mimi sioni kinyaa. Ngoja nikuambie Karen kulivyo. Kuna uwanja wa nyasi nyuma ya nyumba, nyasi laini kuliko zulia la kanisa. Ukutani kwenye sebule kuna kichwa cha nyati, na wamemvalisha miwani ya jua na kofia ya sherehe. Siku ya Jumamosi wanakuja wanaume saba, wengine na matumbo ya kukaa, wanapiga shabaha ya swala wa plastiki. Wakimpiga matakoni wanacheka. Mmoja wao husema "pole" kwa sauti ya kike kila mshale unapoingia. Mimi nasimama kando na tabasamu yangu ya kazini, nao wananiita Mwindaji. Mwindaji, letea barafu. Mwindaji, okota mishale.

Kuna mtu mmoja tu mwenye akili pale, Wesonga, mwalimu wao wa kupiga upinde. Alinipa upinde wake mweusi wa nguvu ya paundi sabini, karibu kilo thelathini na mbili. Alisema kwa pofu asingependa chini ya hapo, mshale uwe mzito na ncha iwe kama wembe, ili utoboe ubavu ufike moyoni. Nikashika, nikavuta. Dada, mikono ilitetemeka mpaka miguu. Nilifika kifuani, nikakwama, na kamba ikanirudisha kama mtoto. Wote walipiga makofi.

Wesonga hakucheka. Alinivuta pembeni akaniambia nguvu ya upinde haichaguliwi kwa kujisifu. Alisema: chukua ule unaoweza kuuvuta ukiwa umekaa, umechoka, baridi imekushika, ukaushikilia ukiwa umetulia mpaka mnyama ageuke. Halafu uangalie kama huo unamtosha mnyama. Kama haumtoshi, basi wewe na mnyama huyo hamna mkutano.

Tangu siku hiyo nimefunga mpira wa tairi kwenye geti, nauvuta asubuhi kabla ya kazi. Mwenye nyumba amelalamika kwamba geti linalegea. Bega langu la kulia linawaka moto na bado sifiki paundi sabini, hata sikaribii.

Uta wa baba nakumbuka niliweza kuuvuta nikiwa kijana. Ndiyo maana naomba tena. Nikisema siwezi, Kihara atanirudisha mlangoni, na kuna kijana mwingine, Musili, ambaye ameshaanza kusema kwao pia ni wawindaji.

Mwendwa


Mutomo, 30 Aprili 2025

Mwendwa,

Ninaamini bega limepoa na mguu wa Beryl pia. Yule mwana mbuzi amekua, sasa ananifuata mpaka mashineni na kula unga wa watu.

Nimefikiri. Uta nimeutoa darini leo, nimeupaka mafuta, nimeweka kamba mpya ya mshipa. Umo kwenye gunia pamoja na podo na mishale sita. Mishale yote ni safi, nimeisugua kwa mchanga. Kila mmoja una chapa ya baba karibu na manyoya, ile mikato mitatu na mmoja wa kulala. Unajua chapa ni ya nini: mnyama akipatikana popote, watu wajue ni wa nani na nani wa kumfuata.

Usiuruke uta ukiwa chini, na usiuache kwenye jua.

Chukua, nenda. Kila la heri.

Ndunge


Kinoo, 18 Mei 2025

Dada,

Sijui nikushukuruje. Beryl alipoona barua yako fupi vile alisema, "Huyu bado amekasirika," nikamwambia hapana, mtu akikasirika hapaki mafuta. Amefika miezi ya mwisho sasa. Mama Peres ameshachagua majina yote, ya kike na ya kiume, mimi sijaulizwa.

Gunia nililichukua Ijumaa. Karani wa mizigo alitaka nilifungue, akaona podo, akarudi nyuma. Nikatembea nalo begani kutoka kwa ofisi ya basi mpaka kazini kwetu, nikapita katikati ya wachuuzi wa soksi na wa parachichi, watu wananipisha. Mzee mmoja mbele ya benki alinisalimia kwa Kikamba na akavua kofia. Nilijihisi mtu, Dada. Nakwambia ukweli.

Lakini sasa nina maswali mawili na ninaomba unijibu.

La kwanza. Wesonga aliuning'iniza uta kwenye ile mizani ya ndoano tunayopimia mizigo ya wageni wa ndege, akauvuta mpaka urefu wa mshale. Ilisoma kilo ishirini. Hiyo ni kama paundi arobaini na nne. Akaushusha polepole akasema huu ni wa sungura, labda paa. Akasema ukimpiga pofu kwa huu utamchoma tu, ataondoka nao. Kihara akamwambia anyamaze, uta ni mzuri, unapendeza kwenye kamera. Wesonga akasema basi yeye Namibia haendi, na kweli amejitoa. Mimi nimechanganyikiwa. Baba alikuwa akisimulia pofu aliowaangusha, na mimi si nilimsikia? Kwa hivyo uta huu unatosha au hautoshi?

La pili ni dogo. Chini ya podo kulikuwa na vipande vya ngozi laini, vyembamba kama utepe, vimejikunja. Beryl alidhani ni uchafu akavitupa. Vilikuwa vya kazi gani?

Nijibu mapema, ndege ni tarehe kumi na mbili Julai.

Mwendwa


Mutomo, 21 Juni 2025

Mwendwa,

Barua yako ilichelewa kwa Phoebe, aliichukua kwa basi akaisahau ndani ya Biblia yake. Huku tumevuna pojo kidogo, mtama ndege wamemaliza. Kwaya ya akina mama imealikwa Kibwezi na mimi nimekataa kushona sare nyingine, sare tatu zinatosha mtu mmoja mpaka kaburini. Mwana mbuzi nimemuuza. Paa la jikoni linavuja, fundi anasema kesho tangu Pasaka.

Umeuliza habari ya uta. Baba aliangusha pofu kwa uta huu huu, si mmoja. Nilikuwa naenda na mama kubeba nyama. Hakuwahi kuwa na uta mwingine.

Sina la kuongeza. Msalimie Beryl.

Ndunge


Mutomo, 14 Agosti 2025

Mwendwa,

Hujaandika, na najua umerudi, kwa sababu Phoebe alikuja mashineni akikimbia na simu yake mkononi. "Mama Ndunge, njoo umwone mdogo wako!" Wateja wote wakaacha mahindi yao wakajazana. Walikuona umevaa ngozi ya mbuzi na shanga za Kimaasai, ati Mkamba. Umevuta uta wa baba, mshale umeondoka, halafu wamekata, halafu pofu amelala na wewe umepiga goti karibu yake. Watu walipiga vigelegele. Tangu siku hiyo nasalimiwa njiani kama mke wa mbunge. Mchungaji amekutaja kwenye mahubiri.

Mimi niliomba ile simu, nikaangalia tena na tena mpaka Phoebe akasema bando lake linaisha.

Mshale wa baba umesimama begani kwa huyo mnyama, mkavu. Hakuna damu hata ya kijiko. Mshale ukiingia kwa mnyama aliye hai, akikimbia nao, damu hutapakaa mpaka kwenye kwato. Huyu mshale umechomekwa kama mtu anayechomeka mti wa maua kwenye chungu. Jicho la mnyama lilikuwa limeshakauka na nzi wako juu yake. Na huyo Kihara wako, mkono wake umelala shingoni kwa pofu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hauondoi. Anacheka, anaongea, anageuka, mkono uko pale pale. Mtu huwekaje mkono hivyo kama hafuniki tundu?

Huyo aliuawa kwa bunduki. Hata mwana mbuzi wangu angejua.

Sitaki habari ya umeneja. Sitaki salamu. Nijibu swali moja tu: yule uliyempiga wewe yuko wapi?

Ndunge


Kinoo, 29 Agosti 2025

Dada Ndunge,

Tumepata msichana. Amezaliwa salama, Beryl hajambo. Nilitaka barua ya kukuambia hivyo iwe na furaha. Nimejaribu kuiandika mara nyingi nikachana.

Sijui yuko wapi.

Walituweka nyuma ya uzio wa matawi, karibu na kisima cha shamba. Pofu walikuja wanne. Nilivuta vizuri, Dada, sikutetemeka hata kidogo. Uta wa baba ulikuja shavuni kama unanijua. Nikaachilia. Mshale ulimpata nyuma ya mbavu, tumboni, ukaingia kiasi cha kiganja, ukasimama hapo. Hakuanguka. Hata hakukimbia. Aligeuza shingo akautazama ule mshale, halafu akatazama kwetu, halafu akatembea, akaingia vichakani na chapa ya baba inatikisika ubavuni.

Nilianza kumfuata. Kulikuwa na mfanyakazi wa shamba, mzee mmoja mpole, alikuja nami. Tuliona matone, halafu majani yaliyopakwa kinyesi cha kijani na damu. Harufu yake, Dada. Mzee akatikisa kichwa akasema tumbo. Tukaitwa kwa redio. Kihara alisema jua la picha linaondoka na chakula kiko mezani. Mwenye shamba alikuwa ameshampiga mwingine kwa bunduki, dume mzuri zaidi. Wakaniletea mshale wa pili kutoka kwenye podo. Wakaniambia nichomeke. Ngozi ilikataa, ikabidi mwingine anishikie. Halafu wakasema piga goti, tabasamu.

Nilitabasamu. Ile ile ya "karibu, karibu."

Jioni walikula maini yake na mvinyo, na yule wa sauti ya kike alisema "pole" kila alipochoma kipande kwa uma. Nilienda nyuma ya gari nikatapika, kama wakati ule wa kuku. Sasa nina ofisi ghorofa ya sita na mlango wenye jina langu. Kila mgeni anayeingia anaonyeshwa ile video kwanza, kabla ya chai. Nimekaa hapo nasikia vigelegele vilivyobandikwa kwenye video mara kumi kwa siku. Nakichukia kile kiti. Najichukia nikikikalia.

Lakini nawe nikuulize. Nilimwambia Wesonga dada yangu amehakikisha. Jana nilimpigia kumwomba msamaha, nikamtajia vile vipande vya ngozi kwenye podo. Akaniuliza, "Baba yako alikuwa anapaka sumu?"

Ulijua, Ndunge?

Mwendwa


Mutomo, 12 Septemba 2025

Mwendwa,

Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Sijakuuliza jina kwa sababu sijastahili bado.

Ndiyo, nilijua. Kila mtu wa rika la baba alijua. Uta wetu haukuwa wa kuua. Ulikuwa wa kupeleka sumu ndani ya ngozi, basi. Ndiyo maana ulikuwa mwepesi, mtu abebe mchana kutwa na kuvuta bila kuchoka. Sumu ilipakwa kwenye ncha, halafu inazungushiwa utepe wa ngozi ili isikauke na isimguse mtu. Unafungua ukishamwona mnyama. Ukimkwaruza tu inatosha, anaenda kidogo anaanguka, nawe unamfuata. Hivyo ndivyo vipande alivyotupa Beryl. Kilo ishirini pamoja na sumu ni kifo cha haraka. Kilo ishirini bila sumu ni mateso. Wesonga alikuambia, nawe ukaja kuniuliza mimi.

Mimi nikakujibu maneno ya kweli yenye sumu yake yenyewe. Nilikasirika. Nilisema moyoni: aende, mshale udunde kwenye ngozi uanguke chini, wale watu wa Karen wamcheke mpaka avue ile ngozi. Nilitaka uaibike, ndiyo, nilitaka sana. Nilipokuwa naupaka mafuta ule uta nilikuwa nacheka peke yangu. Pofu mwenyewe sikumfikiria hata mara moja. Nilikuwa nimejaa kinyaa kwa ajili ya wanyama wanaouawa ovyo, na mnyama mwenyewe sikumkumbuka! Tangu barua yako siwezi kula nyama. Nikiinama kuchota unga naona shingo imegeuka inautazama mshale.

Sasa nisikilize. Mnyama aliyepigwa tumboni huungua ndani, hutafuta maji. Hawezi kwenda mbali na maji. Mpigie yule mzee wa shamba, mwambie asitafute vichakani, azunguke kila bwawa na kila kisima. Baba alisema chapa iko kwenye mshale ili mtu asiseme sikuwepo. Mtafute, hata kama ni mifupa.

Dada yako


Kinoo, 16 Novemba 2025

Dada Ndunge,

Beryl hajambo, mtoto ana nguvu, analia kama mashine yako. Mvua ya vuli imekuja na mtaro umefurika tena.

Alipatikana. Yule mzee alimkuta kwenye bwawa la pili, nusu ndani ya tope, kichwa kikielekea kwenye maji. Hakukuwa na kilichobaki ila mifupa na ngozi ngumu. Matope yote pale kando yalikuwa yamekanyagwa na kulaliwa, akasema huyu hakufa siku moja. Aliuvuta mshale akaufunga kwenye gazeti, akawapa wageni wa kundi lililofuata la kampuni yetu waniletee.

Niliupeleka kwa Kihara kabla sijauleta nyumbani. Niliuweka mezani kwake juu ya majarida ya kampuni, na harufu yake bado ipo. Nikamwambia ile video itolewe. Akavuta kiti nyuma, akafunika pua kwa tai yake. Aliniambia, "Mwindaji, acha ushamba, mnyama si amekufa?" Halafu akaita msichana wa usafi aje na dawa ya kunyunyizia. Hakukasirika hata kidogo, Dada. Ingekuwa afadhali angekasirika. Video haitatolewa, alisema inafanya vizuri sana.

Nikamwachia ufunguo wa ile ofisi. Juzi Musili ameshapewa shanga. Wesonga ananitafutia kazi mahali, bado haijaonekana, na Mama Peres haniongeleshi, anaongea na samaki. Beryl alisema angalau sasa nitalala. Bado silali.

Uta, podo na mishale vinakuja kwa basi la kesho. Ule mmoja sijauosha. Nilijaribu, nikaona si wangu peke yangu kuuosha.

Mwendwa


Mutomo, 30 Novemba 2025

Mwendwa, ndugu yangu,

Gunia limefika. Karani wa huku aliniuliza ni samaki? Nikamwambia hapana, ni uta wa nyumbani.

Mshale nimeuosha. Mara ya kwanza nilitapika nyuma ya mashine, mara ya pili nikamaliza. Tope lilikuwa limejaa kwenye chapa ya baba, nimelichokoa kwa mwiba mpaka ile mikato minne ikaonekana. Phoebe alipita akaniuliza kama huo ndio mshale ulioangusha yule pofu wa kwenye simu. Nikamwambia akae chini, nikamweleza yote, yako na yangu. Ameondoka bila kusaga. Najua kesho mchungaji atakuwa nayo, na ifike kanisa zima, waisage wapendavyo.

Uta sijaurudisha darini. Nimekata kamba. Umelala kwenye kitanda cha baba, unakungoja, maana sitaamua peke yangu la kufanya nao.

Krismasi njooni wote, na Mama Peres kama ataacha kununa. Nataka kumshika huyo msichana na kuambiwa jina lake. Simu yako nimeifungulia, lakini usipige, tutaongea tukionana.

Najua mtu wa Nairobi haji nyumbani mikono mitupu. Leta mkate, leta majani na sukari. Nyama usilete.

Dada yako,
Ndunge